Nimekuombea wewe

Somo: Waebrania 7:20-28, Luka 22:31-34

Haruni, kuhani mkuu wa Israeli, hakuingia patakatifu peke yake. Aliingia na majina. Mabegani mwa naivera, vazi lake la kikuhani, palikuwa na vito viwili vya shohamu, kila kimoja kimechorwa majina sita. Kifuani vito 12, safu nne za vitatu vitatu, kila kabila na kito chake. Lakini Haruni akafa juu ya mlima Hori, mavazi akavikwa Eleazari, naye akafa. Ndiyo maana Waebrania hulikazia hili: Yesu "yu hai sikuzote ili awaombee".

Tena ameketi. Katika vyombo vyote vya hema ya kukutania hutaona kiti cha kuhani kukalia; kuhani alisimama kwa sababu kazi haikuisha. Kwa hiyo tusimwaze Yesu akimbembeleza Baba mwenye kinyongo. Katika Yohana 16:27 anasema wazi kwamba Baba mwenyewe anawapenda. Maombezi yake yanasimama juu ya dhabihu iliyokwisha kutolewa, si juu ya hoja mpya kila asubuhi.

Sasa soma Luka polepole, uangalie viwakilishi. Shetani amewataka "ninyi", wote. "Lakini nimekuombea wewe." Mmoja, Simoni Petro, kwa jina, kabla jogoo hajawika. Na aliombewa nini? Si kwamba asianguke, maana alianguka mara tatu usiku uleule. Aliombewa imani isitindike, yaani isimwishie kabisa. Wengi tunakwama hapa: tukianguka tunadhani maombezi yameshindwa, tunaacha kusali siku mbili tatu mpaka aibu ipoe. (Aibu haipoi hivyo, huota mizizi.) 1 Yohana 2:1 haisemi tutakuwa na Mwombezi tukishajirekebisha, inasema mtu akitenda dhambi, "tunaye".

Wiki hii chukua Yohana 17, usome kwa sauti. Aya ya 20 inakuingiza wewe uliyeamini kwa neno la mitume. Kisha omba yale anayoomba yeye: kulindwa na yule mwovu (15), kutakaswa kwa ile kweli (17), umoja (21), kuwa pamoja naye alipo (24). Ombi moja kwa siku latosha. Ukifika kwenye umoja, mtaje yule ndugu msiyesalimiana.

Na siku ukianguka, omba saa ileile. Petro alikwisha kupewa kazi ya kuwaimarisha ndugu zake kabla hata hajamkana Bwana.