Baiskeli Isiyo na Keria

Kitu cha kwanza nilichomuuliza kijana wa kukodisha baiskeli pale getini kwenye msitu wa Karura, Nairobi, ni keria.

"Keria iko wapi?"

Akanitazama, akaitazama baiskeli, akanirudia mimi. "Keria ya nini, mzee?"

Nilikuwa na miaka 33. Lakini kwa mtu aliyekuja msituni na suruali ya kitambaa na viatu vya ngozi, sidhani kama kijana alikuwa na jina jingine la kuniita.

Ilikuwa Novemba 2018. Nilikuwa nimekwenda Nairobi kwa semina ya wiki mbili: basi kutoka Shinyanga hadi Mwanza, Mwanza hadi Sirari mpakani, kisha usiku kucha na magoti yakigusa kidevu. Jumapili ya katikati hatukuwa na kipindi. Mwenzangu mmoja wa semina, mwenyeji wa Kiambu, akaniambia kuna msitu ndani ya jiji ambamo watu hulipa ili waendeshe baiskeli. Walipe! Mimi nikamwambia twende, hilo nalitaka kuliona.

Maana baiskeli nilikuwa nalipwa mimi. Kuanzia 2003 hadi 2006, kidato cha nne kiliponitupa nje, nilibeba abiria Shinyanga mjini, kabla pikipiki hazijaja kutumaliza. Daladala, ndivyo tulivyoziita baiskeli hizo. Yangu ilikuwa Phoenix nyeusi, keria imevishwa mto mwekundu, na breki ya mbele ilikuwa inapiga kelele. Nimebeba mama mwenye mtoto mgongoni na mchele mapajani. Nimebeba mbuzi. Kwa hiyo niliposimama pale getini na kuona watu wamevaa kofia ngumu na glovu kama wanakwenda mgodini, nilicheka moyoni. Nilichosahau ni kwamba Shinyanga ni tambarare. Vilima vyetu ni vya mawe, na mtu mwenye akili huvizunguka.

Baiskeli niliyopewa ilikuwa na gia nyingi kuliko nilizokuwa na haja nazo, shokapu mbele, breki za diski na matairi yenye meno. Tukaingia.

Karura ni hekta 1,000 hivi za miti, na ajabu yake ni jinsi jiji linavyokatika ghafla. Dakika tano tu na honi za magari zimezimika, unasikia maji na ndege. Kwenye njia panda kuna vibao vyenye namba, na bila hivyo ningekuwa huko mpaka leo. Mwenzangu alisimama kwenye kimoja akanionyesha miti kwa mkono. Hapa pote, alisema, palikuwa pameshagawiwa watu wajenge majumba. Januari 1999 Wangari Maathai alikuja na wenzake kupanda miche, wakashambuliwa, naye akapigwa kichwani mpaka damu ikatoka. Jina hilo nilikuwa nalijua. Oktoba 2004 nilikuwa kijiweni nikisubiri abiria, redio ya kinyozi ikatangaza kuwa amepata tuzo ya Nobeli ya amani kwa habari ya miti. Tulibishana mchana kutwa kama mtu anaweza kupewa hela kwa kupanda miti. Mimi nilikuwa upande wa waliosema haiwezekani.

Basi tukaendelea, na njia ikaanza kuteremka kuelekea mto.

Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha usiku. Udongo mwekundu wa Nairobi ukilowa si udongo, ni sabuni. Mizizi imetokeza katikati ya njia kama mishipa ya mkono wa mzee, na bonde linakuvuta. Nilifanya ulichonifundisha woga: nikakaza mikono, nikaangalia gurudumu la mbele, nikabana breki zote mbili kwa nguvu zangu zote.

Gurudumu la mbele likasimama. Mimi sikusimama. Nyuma ya baiskeli ilinyanyuka taratibu kabisa, kwa adabu, ikanimwaga juu ya usukani, kifudifudi.

Nilipoinua kichwa, palikuwa na binti wa miaka kama 12 amesimama na baiskeli yake ya kijani, matope mpaka masikioni.

"Uncle, uko sawa?"

Shikamoo hamna, lakini hali yangu nayo haikustahili shikamoo. Nikasema niko sawa.

"Umefinya ya mbele sana. Na umekaa mbele. Ukishuka unasimama kwa pedali, makalio unarudisha nyuma ya kiti, hivi." Akanionyesha. "Na usiangalie tairi. Angalia penye unaenda."

Akashuka zake. Hakukaza kitu. Baiskeli ilirukaruka chini yake, yeye katulia juu, magoti na viwiko vikicheza.

Nilibaki nimesimama nikipangusa mdomo, na hapo ndipo akili iliponijia. Miaka mitatu nimefunga breki nikishuka madaraja na mitaro, na sikuwahi kupinduka, nikadhani ni ufundi wangu. Kumbe ni abiria. Kilo 70 za mtu zilikuwa zimekaa juu ya gurudumu la nyuma zikinishikilia chini, na mtu mwenyewe ndiye aliyekuwa ananilipa. Hii isiyo na keria ilikuwa tupu nyuma. Ilinibidi niwe dereva na abiria.

Nikasukuma baiskeli kurudi juu. Mwenzangu akaniuliza naenda wapi, sikumjibu. Nikasimama juu ya pedali, nikarudi nyuma mpaka kiti kikanigusa tumbo, nikaachia.

Sijui kuieleza vizuri ile sekunde kumi. Mizizi ilipita chini yangu kama mtu anagonga mlango. Hapakuwa na wa kuniambia "polepole, kijana, mchele huo". Nikafika mtoni nikiwa juu ya baiskeli, nimepiga kelele ambazo mwenzangu alizisikia kutoka juu.

Nilishuka mteremko ule mara nne zaidi. Maporomoko ya maji na mapango ambamo wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau walijificha niliyaona kwa haraka haraka, Mungu anisamehe, kwa sababu nilitaka kurudi kwenye mteremko.

Tukiwa tunarudi getini, barabara ikiwa pana na tambarare kama ya kwetu, mwenzangu akasema, "Mbega wale!" Nikainua macho: weupe na weusi, mikia kama mashuka yaliyoanikwa. Nikajikuta mtaroni.

Kijana wa kukodisha aliizungusha baiskeli, akakagua pedali, akajaribu breki.

"Ulianguka?"

"Mara moja," nikasema.

Akaangalia tope jekundu kifuani kwangu, lililokwisha kukauka. Kisha akanizunguka, akaangalia tope jeusi, bichi, la ubavuni.

"Mbili," akasema, akanirudishia kitambulisho.