Krismasi Yangu Huanikwa Mwezi wa Nane

Nyota ya kwanza niliyosuka kwa magugu maji iliozea ukutani. Niliitundika sebuleni tarehe 10 Desemba, na kabla wiki haijaisha ilikuwa imeota ukungu wa kijivu kwenye kila kiungo, chumba kizima kinanuka kama mtumbwi ulioachwa na maji ndani chini ya turubai. Mwanangu mdogo aliuliza kama nyota inaumwa. Niliitoa usiku watoto wakiwa wamelala. Moyo uliniuma, maana nilikesha siku mbili kuisuka.

Ninaishi Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, upande wa Ilemela. Nilipokuwa mdogo mama yangu alipamba nyumba kwa karatasi: minyororo ya kurasa za madaftari ya mwaka uliokwisha, maputo manne matano, na karatasi za chooni zilizosokotwa kutoka kona hadi kona ya dari. Tulipenda kupamba kuliko hata pilau. Nilipopata nyumba yangu nikawa nanunua yale mapambo ya plastiki ya kumetameta mjini, kila Desemba mapya, kwa sababu yale ya mwaka uliopita yalikuwa yamenyonyoka. Januari moja nilienda ufukweni kufua nikaona mkufu wa fedha wa aina hiyohiyo umenasa kwenye nyavu za watu. Sikujua kama ni wangu. Lakini ungeweza kuwa wangu, na tangu siku hiyo sijanunua tena.

Nikaanza kutafuta kitu cha kusuka. Bibi yangu wa Ukerewe alikuwa msukaji wa mikeka ya ukindu, na vidole vyangu bado vinakumbuka. Ukindu ni wa kununua, na magugu maji yalikuwa yamejaa mbele ya nyumba. Asubuhi moja ghuba nzima inakuwa ya kijani na maua ya zambarau, kesho yake upepo unageuka na hakuna hata jani. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, na katika ziwa letu ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Wavuvi hawaupendi kabisa.

Sikuyafuata mwenyewe majini, na nasisitiza hili kwa anayetaka kujaribu. Chini ya magugu hukaa konokono wanaobeba kichocho, na nyoka pia hujificha humo. Nilimwomba rafiki wa mume wangu ambaye ni mvuvi.

"Shemeji, unayataka haya kweli?" aliniuliza. "Haya yanatufungia injini, yanaburuta nyavu, wewe unataka kuyapamba sebuleni?"

Nikamwambia ndiyo, na aniletee marefu. Magugu yanayoelea peke yake huwa na vikonyo vifupi vyenye tumbo kama kibuyu, hayafai. Yale yaliyosongamana hunyanyuka kutafuta mwanga, na vikonyo vyake hufika urefu wa mkono. Nilikata mizizi na majani, nikasuuza vikonyo, nikavianika juu ya mawe nyuma ya nyumba. Mawe ya Mwanza yanajulikana. Saa saba mchana huwezi kukanyaga bila viatu. Nikaona hiyo ndiyo tanuri yangu. Siku nne baadaye vilikuwa vya kahawia na vyepesi, nikasuka. Hiyo ndiyo nyota iliyooza.

Jibu nilipewa na mama mmoja mtu mzima anayekausha dagaa hapa kwetu. Mwaka uliofuata alipita nyumbani akanikuta nimeanika tena palepale.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hayo umeyapika upande mmoja tu."

Alichukua kikonyo, akakibonyeza kwenye shina, pale panene, na kidole chake kikaloa. Juu kilikuwa kikavu kama karatasi. Akanieleza kuwa jiwe linaunguza kwa juu, lakini mvuke unaotoka chini hauna pa kwenda, unarudi ndani. "Dagaa wa chini tuliwaacha zamani," akasema. "Wa chanja wanakauka pande zote. Kinachokausha ni upepo mwanangu, jua linausaidia tu."

Alinipeleka kuona chanja zake: miti imesimamishwa, juu nyavu kuukuu zimetandazwa, usawa wa kiuno. Mume wangu akanijengea ndogo kwa fito na kipande cha wavu uliotoboka. Vikonyo hivi zaidi ya asilimia 90 ni maji, kwa hiyo rundo la kujaza karai linageuka kuwa konzi mbili tatu, na mtu asishangae. Nikajifunza kupasua kila kikonyo kwa urefu upande wa shina, maana hapo ndipo ukungu wangu ulipoanzia. Nikawa navigeuza asubuhi na mchana, na jioni naviingiza ndani kabla ya umande. Vilichukua siku kumi. Kikonyo kilichokauka kikiwa sawa kinakunjika kama mkanda laini, hakikatiki, na ukibonyeza shina hupati ubaridi wowote. Ule ubaridi ndio maji. Ukiusikia, rudisha chanjani.

Na lingine nililolielewa kwa kuchelewa: mvua za vuli huku kwetu huanza Oktoba, na Novemba na Desemba hakuna cha kukauka. Kwa hiyo navuna Agosti, mwisho Septemba, nafunga mafungu kwa kamba ya katani na kuyaning'iniza jikoni juu, karibu na moshi. Novemba nayashusha, nayanyunyizia maji kidogo yalainike, nasuka.

Rangi ilinisumbua, kwa sababu kahawia tupu watoto hawakuikubali. Manjano ya kupikia yanatoa njano safi: vijiko viwili kwenye sufuria ya maji ya moto, unaloweka msuko nusu saa. Nyekundu ndiyo nilikosa, hadi siku magadi yaliyobaki kwenye bakuli yalipodondokea msuko wa manjano, na pale palipodondoka pakageuka wekundu wa udongo mbichi mbele ya macho yangu. Niliita watoto waje waone. Tukaufanya kwa makusudi, magadi kidogo kwenye maji, brashi ya mswaki wa zamani, mistari mistari. Mwanangu mkubwa aligusa kwa limau, rangi ikarudi njano. Tulicheza hivyo mchana kutwa. Rangi hii haipendi jua, ukiiweka dirishani inafifia, kwa hiyo nyota za rangi zinakaa ndani.

Sasa shada. Niliona picha za nyumba za ughaibuni zenye duara la majani mlangoni, nikavutiwa, nikasuka moja kubwa juu ya rimu ya baiskeli ya mtoto, nikalizungushia maua meupe ya pamba. Nikalitundika mlangoni saa kumi jioni. Saa kumi na moja jirani yangu akaingia amejifunga khanga kiunoni, uso umebadilika. "Poleni jamani. Ni nani?" Alikuwa ameliona kutoka barabarani na akajua tumefiwa. Wa pili alimpigia simu mume wangu. Nilijisikia vibaya sana kwa kuwatia hofu, nikawaomba radhi, nikalishusha kabla giza halijaingia. Kwetu shada la duara lina mahali pake, na mahali penyewe ni kaburini. Nikaifumua ile kazi yote, nikatengeneza samaki. Sato mmoja mnene, ana mapezi ya vitenge nilivyopewa na fundi cherehani, na huyo ndiye anayekaa mlangoni kila Krismasi hadi leo. Wageni wanamjua.

Nyota nazitengeneza hivi. Natafuta fito tano nyembamba za matete, kila moja sentimita 30, nazipanga kama unavyochora nyota bila kunyanyua kalamu, ufito unapita juu ya mmoja na chini ya unaofuata. Ukizipanga hivyo zinashikana zenyewe hata kabla ya kufunga. Kisha nafunga ncha kwa uzi wa katani, nazungushia msuko wa nyuzi tatu, ule wa nywele. Nyota moja inakula kama mita saba za msuko. Situmii gundi ya unga hata kidogo. Niliitumia mara moja, panya wakaila nyota. Panapohitaji kushonwa nashona kwa shazia, ile sindano kubwa ya mikeka.

Mjomba wangu wa Kwimba ananiletea miti ya pamba baada ya mavuno. Vitumba vilivyokwisha kuvunwa hupasuka na kubaki na ncha nne au tano, vigumu kama mbao, nyota zilizokwisha kutengenezwa shambani. Navifunga kwenye uzi, kimoja kwa kimoja, kati yake vipande vya kitenge. Hakuna pambo linalonipendeza kuliko huo uzi, na ndilo lisilo na kazi kabisa.

Mshumaa siuweki karibu na vitu hivi. Ni majani makavu, yanashika moto mara moja. Mafundi bati wa Makoroboi, pale mjini, wanaotengeneza koroboi kwa makopo, walinitobolea makopo mawili ya maziwa kwa mfano wa nyota niliowachorea. Ndani naweka kitaa kidogo cha betri, na ukuta wote unajaa nukta za mwanga. Umeme ukikatika ndipo yanapendeza zaidi.

Mapambo ya mwaka wa tatu bado ninayo yote. Nikiona dalili ya ukungu nafuta kwa kitambaa chenye siki na kurudisha juani siku moja.

Yule mama nilimpelekea nyota yenye mistari ya magadi, akaitundika juu ya kitanda chake. Agosti iliyopita alinitumia mtoto aje aniambie upepo umeshakaa sawa. Nilipofika nikakuta ameniachia nusu ya chanja moja, ile ya upande upepo unakotokea, ili nyota zisije zikanuka dagaa.