Mikono ya Asubuhi

Kisumu, Agosti 2019

Duka nafungua saa tatu, lakini naamka saa kumi na moja. Vidole vinataka muda wao. Leo hata kifuniko cha chupa ya chai kimenishinda. Nikatia maji ya vuguvugu kwenye karai, nikazamisha mikono, nikawa nakunja kidole kimoja baada ya kingine mpaka kukapambazuka.

Maumivu haya niliyatoa Mombasa, Februari 2018, nilipoenda harusini kwa binamu. Chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ilikuwa imetapakaa mjini. Usiku nililala ndani ya neti kama mtu mwenye akili, kumbe mbu wake huuma mchana. Siku chache baada ya kurudi, homa kali, vifundo vimevimba, chooni napelekwa kwa kushikwa mkono. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na dawa za malaria nikapewa vilevile. Hilo bado linaniudhi.

Homa iliisha ndani ya wiki. Viungo havikuisha. Daktari wa pili aliniambia dawa ya kuua kirusi hiki haipo: ni kutuliza maumivu, kunyoosha viungo polepole na kupumzika. Pumziko la fundi wa nguo ni lipi? Kifundo cha mguu kilikataa kabisa kukanyaga cherehani, nikakopa nikafunga mota. Mkasi mzito nimemwachia msichana ninayemfundisha kazi. Anakata vizuri kuliko mimi, ila simwambii bado.

Kinachochosha ni kuonekana mzima. Mume wangu hasemi kitu. Majirani ndio wanauliza mbona siku hizi sionekani mtoni.

Dani, mama yake mume wangu, hakuniuliza. Nilipomweleza kwamba jina chikungunya ni la Kimakonde, la kujikunja, alicheka. "Hiyo ni ndugu ya o'nyong-nyong." Ugonjwa ule ulizuka Uganda 1959 ukaingia hadi huku ziwani, yeye akiwa msichana. Jina lake ni la Kiacholi, maana yake kuvunjika viungo, na kweli virusi hivyo viwili ni ndugu, ingawa ule huenezwa na mbu wa malaria. Anakumbuka wanaume wazima wakitembea na fimbo shambani. "Sasa wewe, mwanangu, fimbo yako iko wapi?"

Kwaya wanataka mashati ishirini Jumamosi. Nimewaambia Jumatano inayofuata. Mwenyekiti wao amenuna, lakini malipo ya awali ametoa.