Namna nilivyopata barabara zisizo na magari katika nchi ya maziwa ya Ufini

Watu wengi walioniona nikifunga mizigo kwenye keria ya baiskeli walinipa ushauri uleule: nikae kwenye barabara kuu, kwa sababu ina lami nzuri, ina vibao kila mahali, na nikipatwa na tatizo nitaonekana haraka. Aliyeniuzia baiskeli alisema hivyo, na jirani yangu vilevile. Walinitakia mema, lakini kwa mtu anayetaka kuendesha kwa utulivu kandokando ya ziwa Saimaa, mashariki mwa Ufini, huo ni ushauri mbaya kabisa. Ninaandika haya ili mwenzangu yeyote anayeishi huku, au anayepanga kuja kutembea wakati wa kiangazi, asiufuate.

Mimi niliufuata mara ya kwanza. Nilitoka Savonlinna kuelekea Punkaharju kwa barabara namba 14, na mara tu njia ya baiskeli ya pembezoni mwa mji ilipokwisha nilibaki na ukanda mwembamba wa lami ulio nje ya mstari mweupe, usiotosha hata upana wa usukani wangu. Hapo ndipo malori ya magogo yalipoanza kunipita. Tangu 2013 Ufini inaruhusu malori yenye uzito wa hadi tani 76, na mashariki ndiko misitu iliko, kwa hiyo malori ya namna hiyo hayana uhaba. Likikukaribia kutoka nyuma, unasikia kwanza mlio wa matairi mengi. Kisha upepo wa kichwa chake unakusukuma kuelekea mtaroni, na mara tu trela ya mwisho inapopita, upepo uleule unageuka na kukuvuta kuelekea katikati ya barabara. Inakubidi kushika usukani kwa nguvu na kulala kidogo upande mmoja, halafu upande wa pili, huku vipande vya magome vikidondoka kutoka kwenye magogo na harufu ya utomvu wa misonobari ikibaki hewani baada ya lori kutoweka. Mvua iliponyesha, kila gari lilinimwagia maji machafu usoni. Maziwa yalikuwa kulia na kushoto kwangu, nami sikuyaona, kwa sababu macho yangu hayakuthubutu kuuacha ule mstari mweupe.

Kilichonifungua akili ni Punkaharju yenyewe. Hapo kuna tuta refu na jembamba la mchanga na kokoto, la kilometa 7 hivi, lililoachwa na maji ya barafu iliyoyeyuka mwishoni mwa enzi ya barafu, na maji ya ziwa yapo pande zote mbili. Barabara ya zamani inapita juu ya tuta hilo, inapindapinda chini ya misonobari mirefu, wakati barabara kuu imejengwa upande ili magari yapite kwa kasi. Nilipoingia kwenye ile ya zamani, kelele zilikatika. Nikasimama nikajiuliza swali la maana zaidi kuliko yote niliyowahi kujiuliza kuhusu baiskeli: kama mahali pamoja pana barabara mbili, moja ya magari na nyingine iliyosahauliwa, je, si hivyo hivyo katika eneo zima?

Ndivyo ilivyo, na ufunguo wake umeandikwa kwenye ramani. Barabara za Ufini zimepewa namba kwa daraja. Zile kubwa kabisa, kama hiyo 14, zina tarakimu moja au mbili, na vibao vyake ni vyekundu. Zinazofuata zina tarakimu mbili kwenye kibao cha njano. Baada ya hapo zinakuja za tarakimu tatu, ambazo huunganisha wilaya. Na chini kabisa ziko za tarakimu nne na tano, zinazounganisha vijiji na mashamba. Kwa hiyo namba ikiwa ndefu, magari ni machache. Tangu nilipolielewa hilo, ninapanga safari nzima kwa kutafuta tarakimu nne, ninakubali tatu pale ambapo hakuna njia nyingine, na ninaziogopa mbili isipokuwa kwa kuzivuka. Ramani za kina za idara ya upimaji wa ardhi ya Ufini zinapatikana bure kwenye intaneti, na huonyesha mpaka njia za kuingilia nyumba moja moja. Programu za simu zinazokuchagulia njia siziamini katika maeneo haya, kwa kuwa zinapenda njia fupi, na njia fupi msituni mara nyingi ni ya trekta, yenye mchanga unaomeza tairi.

Ramani, hata hivyo, haikuambii kila kitu, na hapa namshukuru mzee mmoja wa kutoka Bukavu ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi ya kugawa magazeti usiku katika vijiji vya upande wa Mikkeli. Nilimweleza kwamba barabara ndogo za changarawe zinanipotezea muda, kwa sababu nyingine zinaishia kwenye uwanja wa mtu. Akaniambia, “Mwanangu, mbele ya kuingia njia, tazama masanduku ya barua.” Nikamuuliza, “Mzee wangu, masanduku yatanisaidia nini?” Akanieleza kwamba huku barua hazipelekwi mpaka mlangoni kwa kila mtu, wenyeji huweka masanduku yao pamoja kwenye makutano, na kila sanduku ni nyumba. Ukikuta safu ndefu ya masanduku, njia hiyo inahudumia watu wengi, itakuwa imeshindiliwa vizuri na huenda ikatokea upande wa pili. Ukikuta sanduku moja, limechakaa na kuegemea nguzo, jua kwamba njia inaishia kwa mwenye sanduku hilo. Nimelijaribu jambo hili mara nyingi na limeninusuru na vilima vingi vya bure, maana eneo hili la maziwa, ingawa halina milima, ni nadra kuwa na kilometa iliyo tambarare.

Wakati wa kutoka ni muhimu sawasawa na njia. Wafini wana nyumba za mapumziko zipatazo nusu milioni, nyingi zikiwa kando ya maziwa, na Ijumaa jioni familia zinaziendea kwa pamoja, kisha Jumapili jioni zinarudi mijini. Saa hizo mimi huwa nimeketi, ninakula. Baada ya saa mbili usiku, siku nyingine zote, barabara ni zako. Mwezi wa Juni jua linatua karibu saa tano usiku na giza kamili haliingii, hivyo unaweza kula chakula cha jioni, ukapumzika, kisha ukaendesha kilometa 40 bila kuwasha taa kwa ajili ya kuona njia. Taa mimi huiwasha tu ili nionekane. Ijumaa ya mkesha wa sikukuu ya Juhannus, mwishoni mwa Juni, usithubutu kutoka, lakini Jumamosi yake toka mapema: nchi nzima imelala.

Saa hizo za jioni zina jambo moja la kuangalia, nalo ni hirvi, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo kama cha farasi, ambaye huvuka barabara bila kusita. Kwenye miteremko yenye kibao cha pembetatu chenye picha yake, napunguza mwendo. Mbu hawakufikii ukiwa unaendesha. Wanakungoja usimame kuziba pancha, kwa hiyo beba mpira wa ndani wa tairi, mzima, wa akiba na ubadilishe, kazi ya viraka uifanye baadaye ndani ya nyumba. Matairi yawe na upana wa milimita 35 kwenda juu. Maduka ni machache na yako mbalimbali, lakini maji hayana shida, maana makaburi mengi ya kanisa yana bomba la kumwagilia maua, na mara nyingi maji yake ni ya kunywa, ila usinywe pale palipoandikwa vinginevyo.

Njia ninayoipendekeza kwa anayeanza ni mzunguko wa visiwa vya Puumala, wa kilometa 60 hivi. Daraja la mji huo lina lifti inayokupandisha wewe na baiskeli yako kutoka bandarini mpaka juu, jambo ambalo magoti yangu yalilishukuru sana. Katika nchi hii ya maziwa utakutana pia na pantoni za njano za barabarani, ambazo hazitozi nauli, na ambazo zenyewe ni dawa ya magari, kwa sababu dereva mwenye haraka hatachagua njia ya kusubiri pantoni. Ndiyo maana nilisikitika kidogo kuona kwamba mlango wa maji wa Vekara, kule Sulkava, umejengewa daraja tangu 2019. Ramani za zamani bado zinaonyesha kivuko. Kwenye mzunguko wa Puumala kuna sehemu moja isiyo na barabara kabisa, ambapo waendesha baiskeli huvushwa na boti iitwayo Norppa II, jina la sili wa ziwa Saimaa. Boti hiyo ina nauli yake, si kubwa, na hufanya kazi kiangazi tu kwa saa maalumu. Isome ratiba yake kabla hujaondoka mjini, kwani ukiikosa ya mwisho itakubidi urudi kwa njia uliyojia.