Rungwe juu, Matema chini: likizo ya polepole na mama

Mama amefundisha jiografia shule ya msingi mpaka anastaafu. Ramani ya maziwa ya Tanzania anaichora kwa chaki bila kuangalia kitabu, lakini Ziwa Nyasa lenyewe hakuwahi kulitia machoni. Kwa hiyo nilipopata likizo yangu mwaka huu, suala la tuelekee wapi lilikuwa limeshakwisha. Lililobaki ni namna ya kwenda, maana magoti ya mama hayapendi haraka tena, na mimi nilitaka kupumzika kweli, siyo kuhamishia mbio za Dar milimani.

Ukimwuliza mtu aliyekulia Tukuyu, mkoani Mbeya, uone nini kwao, jiandae na karatasi ndefu. Ziwa Ngosi. Ziwa Masoko. Daraja la Mungu na Kijungu kwenye Mto Kiwira. Maporomoko ya Kaporogwe. Mlima Rungwe wenyewe. Hifadhi ya Kitulo na maua yake. Kisha ushuke Kyela, ufike Matema, uvuke hadi Ikombe. Vyote ni vya kweli na vyote vinastahili, ila mtu akivifuata vyote kwa mkupuo atayaona mashamba ya chai kupitia kioo cha gari tu. Nikakaa na mdogo wangu, ambaye ndiye angekuwa mbeba mizigo wetu, tukakubaliana jambo moja: tutalala sehemu mbili tu, Tukuyu na Matema. Kinachofikika kutoka kwenye sehemu hizo bila kumchosha mama, tutakiona. Kingine kitatusubiri.

Mwezi ulitusumbua kidogo. Rungwe ni nchi ya mvua. Maeneo mengi ya wilaya hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na inaponyesha kuanzia Novemba hadi Mei hainyeshi kwa utani, hasa Machi na Aprili. Juni na Julai mvua imepungua lakini baridi ya Tukuyu inauma, na kule chini ziwani upepo wa mwera unavuma na kuinua mawimbi. Tukachagua mwishoni mwa Septemba. Baridi imelegea, ziwa limetulia, barabara za vijijini ni kavu. Yeyote atakayeniuliza nitamwambia Septemba au Oktoba.

Lingine tulilolipanga kwa makusudi ni kuanza juu na kumalizia chini. Tukuyu iko mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Mwili unaotoka joto la Dar unafurahia ubaridi kwanza. Unatembea, unakula, unalala usingizi mzito. Ukishashiba kutembea ndipo unashuka kwenye mchanga na joto, na huko huna hamu ya kufanya lolote. Nawasikia watu wanaokimbilia ziwani kwanza kisha wanapanda, na ninawahurumia, maana wanaanza kupanda vilima wakati mwili umeshazoea kulala.

Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 800. Wapo wanaozimaliza kwa siku moja, lakini sisi tulikata safari Iringa. Tulipita Mikumi jua likiwa bado la asubuhi, mama akahesabu twiga na kuwaonyesha abiria wa kiti cha nyuma, tukapanda Kitonga basi likinguruma, na jioni tukawa tunakunywa chai mjini Iringa huku wengine wakiwa bado barabarani. Kesho yake tukaendelea hadi Uyole, pale njia ya Tukuyu na mpaka wa Kasumulu inapochepuka kutoka barabara kuu ya kwenda Tunduma. Hapo ukishuka tu unajua umefika kwenye viazi. Magunia yamejazwa lumbesa, vichwa vimeshonwa kwa kamba, yamepangwa kandokando ya lami yakingoja malori.

Kutoka Uyole Kosta inapanda, masikio yanaziba, halafu inaanza kuteremka na kila kitu kinageuka kijani. Migomba imezunguka nyumba mpaka unaona bati tu. Mama aliuliza kwa sauti, kama vile yuko darasani, kwa nini hapa panaota kila kitu, na kijana aliyekaa mbele yetu akajibu bila kugeuka: "Volkano, mama." Alijibu sawasawa. Mlima Rungwe, wenye mita 2,960, ni volkano, na jirani yake Kyejo ulimwaga lava yapata mwaka 1800, jambo la juzi tu kwa umri wa milima. Hata leo ardhi ya huku inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo huvunwa na kutumika kwenye soda.

Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, ni mji wa kupanda na kushuka. Tulipata nyumba ya wageni yenye veranda inayotazama mlima, mlima ambao asubuhi haupo na saa nne upo, kutegemea ukungu. Mwenye nyumba alimpokea mama kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo kama desturi ya huku ilivyo kwa mkubwa. "Mugonile," akatusalimia sote kwa Kinyakyusa, kisha akamgeukia mama peke yake: "Shikamoo mama, pole na safari. Leo msitoke, mpumzike. Ndizi ziko jikoni."

Hatukutoka. Siku ya kwanza nzima tuliiacha bila mpango, na ninaona hiyo ndiyo sehemu bora ya ratiba yote. Tulikula ndizi zilizopikwa na maharage, maziwa mgando mazito, na chai iliyochumwa kwenye vilima vile vile tulivyokuwa tunavitazama. Bodaboda zilipita na madumu ya maziwa pande zote mbili. Mchana mvua nyepesi ilinyesha kwa dakika chache ikaacha, kwa sababu hata msimu wa kiangazi Rungwe haiishiwi kabisa na mvua. Beba sweta na koti la mvua, mwezi wowote.

Ngosi tulikwenda mimi na mdogo wangu tu. Hilo tulilijua tangu Dar, mama akalikubali bila kinyongo: kile kilima si cha magoti yake. Unashukia Mchangani kwenye barabara ya Mbeya, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji, na unatembea kwanza kati ya mashamba kabla ya kuingia msituni. Ndani ya msitu kuna migomba pori yenye majani mapana kuliko mlango, mianzi, na mizizi iliyovuka njia ambayo unaishika kama ngazi. Sehemu ya mwisho ni mkwezo hasa. Halafu msitu unakatika ghafla, umesimama kwenye ukingo wa shimo la volkano, na chini kabisa kuna ziwa la kijani lenye urefu wa kama kilometa 2.5, limezungukwa na kuta pande zote. Mwongozaji wetu alisema umbo lake ni ramani ya Afrika. Tulilitazama kwa muda mrefu na kweli tukaiona, hata Pembe ya Afrika. Kuna njia ya kuteremka hadi majini, imesimama wima na inateleza, tuliiacha. Kwa mtu aliyekuja kupumzika, ukingo unatosha.

Ziwa la mama lilikuwa Masoko. Hili nalo ni la volkano, la mviringo, kiasi cha kilometa 15 kutoka Tukuyu, na uzuri wake kwetu ni kwamba gari linafika karibu kabisa na maji. Juu yake lipo jengo la mawe la enzi za Mjerumani, ambalo baadaye lilitumika kama mahakama. Wenyeji wanasimulia kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walizamisha mali na silaha humu, na sarafu za zamani zimewahi kuokotwa ufukweni. Mtoto mmoja alitusogelea na sarafu kwenye kiganja. Mama alivaa miwani, akaigeuza, akamwuliza yuko darasa la ngapi, na wakaishia kuzungumzia hesabu za sehemu.

Mimi nilivutiwa zaidi na samaki wa Masoko. Ziwa ni dogo, kina chake hakifiki hata mita 40, halina mto wa kuingia wala kutoka, lakini ndani yake jamii moja ya samaki inagawanyika mara mbili: madume ya majini juu, karibu na ukingo, ni ya njano, na ya kina kirefu ni ya buluu. Watafiti walichapisha matokeo yao mwaka 2015, na yalisomwa duniani kote, kwa sababu hapa unaweza kuona jinsi spishi mpya inavyoanza kutokea. Nilimweleza mama tukiwa tumekaa kwenye nyasi. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Hili lingekuwa kwenye kitabu cha darasa la sita." Nami nasema lingekuwa. Watoto wa Tukuyu wanazaliwa jirani na jambo ambalo maprofesa wanavuka bahari kuja kuliona, na wanastahili kulisikia shuleni.

Daraja la Mungu tulipita nusu siku, tao la mwamba lililobaki juu ya Mto Kiwira baada ya lava kupoa, na Kijungu, pale mto unapoingia shimoni na kuzunguka. Kaporogwe tulikuacha. Mlima Rungwe pia, ingawa mdogo wangu alikuwa na hamu na kipunji, yule nyani aliyetangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005, ambaye makazi yake makuu ni msitu wa mlima huu na Kitulo. Kipunji ni mwoga na hakai kukusubiri. Anataka siku zake peke yake.

Kushuka Kyela ni safari fupi ya kuvua nguo. Tulipanda Noah tukiwa na sweta, tukafika Ipinda tukiwa na fulana. Migomba inabaki lakini sasa iko pamoja na minazi, michikichi na mikakao yenye matunda yaliyoning'inia kwenye shina lenyewe, na pembeni mashamba ya ule mpunga unaotoa mchele wa Kyela. Barabara ya Kikusya hadi Matema sasa ina lami, kwa hiyo mgongo wa mama ulifika salama.

Matema iko kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone inaanguka moja kwa moja majini, na mbele yako maji hayana mwisho. Mama alivua viatu kabla hata mizigo haijashushwa. Akasimama pale maji yanapoishia, akatusomesha: kina mita 706, urefu zaidi ya kilometa 500, na ule ukuta wa mlima mnaouona ndio ukingo wa Bonde la Ufa. "Nimeyasema haya miaka yote," akasema, "nilidhani nayajua."

Huko hatukufanya kitu, na ndivyo tulivyopanga. Asubuhi kutembea mchangani, mchana kulala chini ya mwembe, jioni kula mbasa wa kukaanga na ule mchele. Mbasa ana miiba, ule taratibu, lakini nyama yake ni tamu. Tahadhari ni mbili: lala ndani ya neti, kwa kuwa malaria ipo, na ujue ziwa hili lina kichocho katika baadhi ya maeneo, hivyo ogelea kwenye ufuko wa mchanga mahali wenyeji wanapokushauri, mbali na matete na maji yaliyosimama.

Jumamosi tuliilenga tangu Dar, kwa sababu ndiyo siku ya soko la vyungu Lyulilo, mwendo mfupi kutoka Matema. Wanawake wa Kikisi wanafinyanga Ikombe, kwa mikono mitupu bila gurudumu, na kuvileta kwa mitumbwi. Vinapangwa chini kwa mamia, vyekundu vya udongo na michirizi myeupe. Mama aliinama, akagonga kimoja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Gonga na hiki, mama," akasema mfinyanzi. "Kikilia vizuri, chukua."

"Kitavumilia jiko la gesi?"

"La gesi sijui. Kuni na mkaa ndiyo kazi yake. Siku ya kwanza usipikie mboga. Kichemshie uji kwanza, kishibe."

Mama akachukua viwili. Vilisafiri hadi Dar vimefungwa kwa majani ya migomba na vitenge, mdogo wangu amevipakata, na hakuna kilichopasuka. Mboga ya maharage inayopikwa humo kwa mkaa, nikisema ni tamu zaidi sitakuwa natia chumvi.

Sasa anauliza Kitulo. Maua yanachanua Desemba hadi Aprili, yaani mvua ikiwa imekolea, kwa hiyo tutahitaji gari la kuhimili matope na mahali pa kulala penye moto. Nimeshaanza kumwulizia dereva wa Isyonje, pale njia ya Kitulo inapochepuka.