Ufaransa na mambo ya abaya

Mtoto wa ammi yangu yuko Ufaransa, juzi kanipigia wasapu analalama bintiye karudishwa kwenye geti la skuli sababu ya gauni refu, gauni tu wallahi hata si buibui. Kule hijabu marufuku skuli za serikali tangu 2004, 2010 wakapitisha sheria ya kukataza kufunika uso hadharani, 2023 wakahamia abaya, yale magauni marefu mapana, skuli hizo hizo. Uswisi nao 2009 wakapiga kura kuzuia minara mipya ya misikiti na nchi nzima ilikuwa nayo 4 tu!! Hapa Lamu watalii wanashuka gatini na vikaptula tunawakaribisha (mamangu hununa lakini chai atawapa). Nikamwambia amhamishie skuli ya kibinafsi, sheria ile haifiki huko, akaniuliza ada ntalipa mimi?