Madoa meusi ya misumari kwenye mbao kuukuu: kilichoyaondoa

Mbao kuukuu nilizotengenezea rafu zilikuwa na madoa meusi kuzunguka matundu ya misumari, na vanishi ya majaribio iliyakoleza zaidi. Msasa uliparua juu tu. Klorini ya kufulia ikapausha mbao, weusi ukabaki.

Weusi huo ni chuma kilichokutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mti. Dawa yake ni asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa katika maji ya moto (vaa glovu, ni sumu). Kwanza nilichomoa vipande vya misumari vilivyokatikia ndani. Kisha, na hapa ndipo penye siri, nikapaka ubao mzima, si doa peke yake. Vinginevyo hubaki baka jeupe. Nikasuuza mara kadhaa kabla ya kugusa msasa tena, maana vumbi lenye asidi hiyo si la kuvuta. Ulipokauka kabisa, vanishi ikakubali.